Tusingoje Nyumba Iwake Moto

(Hotuba iliyosomwa na wajumbe wanawake wa Kamati ya Wakimbizi katika maadhimisho ya Siku ya Wanawake Duniani, Rusizi)

Tumepewa nafasi ya kusema juu ya wanawake katika uongozi wa nchi, nasi tunaishukuru Kamati kwa nafasi hiyo. Kwa kawaida siku kama hii akina mama hupika na kucheza ngoma, kisha baba mmoja husimama kusema juu yao. Leo tumepika, tumecheza, na tunasema wenyewe.

Hatutaanza na nchi za mbali. Tutaanza hapa tulipo. Mto Rusizi unatoka Ziwa Kivu na kupita chini ya daraja ambalo wengi wetu tulilivuka tukiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Unateremka hadi uwanda wa Bugarama, na huko ndiko zinakokutana nchi tatu: Rwanda, Kongo na Burundi. Katika nchi zote tatu, mwanamke amewahi kuwa Waziri Mkuu. Tulipoliuliza jambo hili nyumba kwa nyumba kabla ya kuandika hotuba hii, ni wachache waliolijua. Ndiyo maana tumeona tulieleze.

Ndugu zetu, mwanamke kushika utawala si jambo lililokuja na ndege. Katika Rwanda ya zamani mwami hakutawala peke yake. Alitawala pamoja na umugabekazi, yaani mama wa mwami, na ikiwa mama mzazi amefariki alichaguliwa mwingine kushika nafasi hiyo. Ng'ambo ya ziwa, katika Bushi, mwamikazi alishika utawala mtoto wake akiwa bado mdogo. Jina linalojulikana zaidi ni la Kanjogera. Baada ya mapigano ya Rucunshu mwaka 1896, yeye na kaka zake walimweka mwanawe Musinga katika ufalme, na kwa miaka mingi neno lake lilikuwa na nguvu kuliko la wakuu wengi. Hatusemi kwamba utawala wake ulikuwa wa upole, kwa maana watu wengi waliuawa Rucunshu. Tunasema tu kwamba nchi hii ilikwisha mzoea mwanamke mtawala kabla ya Mzungu kufika. Na Musinga mwenyewe, Wabelgiji walipomwondoa mwaka 1931, walimleta hapa hapa Kamembe, na baadaye wakampeleka Moba huko Kongo, ambako alifia mwaka 1944. Kwa hiyo hata mfalme alipita njia hii akiwa mtu aliyefukuzwa kwake.

Ukoloni ulibadilisha mambo. Shule kubwa ya Astrida, iliyofunguliwa mwaka 1929, ilikuwa ya wavulana, na ndiyo iliyotoa machifu na makarani. Wasichana walifundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba. Ofisi ilifuata cheti, na cheti alipewa mvulana. Katika uchaguzi wa Kongo wa mwaka 1960 ni wanaume tu waliopiga kura. Wanawake walipata haki hiyo mwaka 1967. Hata hivyo mwaka 1966 Sophie Kanza, mwanamke wa kwanza wa Kongo kumaliza chuo kikuu, alikuwa amekwisha kuwa waziri. Ina maana nchi ilikuwa na mwanamke waziri wakati wanawake wenyewe hawajapiga kura!

Sasa tufike mwaka 1993. Tarehe 10 Julai mwaka huo Sylvie Kinigi, mchumi aliyefanya kazi katika Benki ya Jamhuri ya Burundi, alikuwa Waziri Mkuu wa Burundi. Mwezi huo huo Agathe Uwilingiyimana, mwalimu wa kemia kutoka Butare, akawa Waziri Mkuu wa Rwanda. Wote wawili walizaliwa mwaka 1953.

Haukupita muda mrefu. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Ndadaye wa Burundi aliuawa na wanajeshi. Mama Kinigi alikimbilia ubalozi wa Ufaransa pamoja na mawaziri waliosalia, na kutoka huko akajaribu kushikilia serikali isiyokuwa na rais wala jeshi la kuitii, hadi rais mwingine alipoapishwa Februari 1994.

Mama Agathe, alipokuwa Waziri wa Elimu mwaka 1992, alikuwa ameondoa utaratibu wa kugawa nafasi za shule kwa kabila, akataka zifuate alama za mtihani. Kwa ajili hiyo alichukiwa, hata watu wenye silaha walimvamia nyumbani kwake wakampiga. Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana ilipoangushwa, yeye ndiye aliyebaki na mamlaka ya serikali. Alitaka kwenda redioni asubuhi kusema na wananchi. Hakufika. Aliuawa asubuhi ya tarehe 7 Aprili. Askari kumi wa Ubelgiji waliokuwa wakimlinda waliuawa pia. Watoto wake watano walifichwa wakapona. Leo Rwanda inamhesabu miongoni mwa mashujaa wake.

Nchi ya tatu ni Kongo. Tarehe 1 Aprili 2024 Judith Suminwa Tuluka aliteuliwa kuwa Waziri Mkuu, mwanamke wa kwanza tangu uhuru. Wengi wenu mnajua hali ya Kivu siku hizo ilikuwaje, kwa sababu mlikuwa mmekwisha toka au mlikuwa mnafunga mizigo. Mwanzoni mwa mwaka 2025 vita vilifika Goma na Bukavu.

Ndugu zetu, tazameni jambo hili kwa makini. Nchi tatu, wanawake watatu, na kila mmoja alipewa kiti wakati moshi umekwisha anza kutoka darini. Wakati wa amani kiti kilikuwa cha baba. Halafu mambo yakiharibika watu husema: mnaona, tulimpa mwanamke. Hakuna anayeuliza ni nani aliyewasha moto.

Fundisho la pili tunalipata katika sheria. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 14, inasema wanawake wana haki ya kuwakilishwa sawa katika vyombo vya taifa. Ni maneno mazuri. Lakini sheria ya uchaguzi haikukataa orodha ya chama isiyo na wanawake. Mwaka huo huo wanawake walipata viti 42 kati ya 500. Katiba ya Rwanda ya mwaka 2003 ilitaja hesabu: angalau asilimia 30 katika vyombo vya maamuzi, na katika Baraza la Wabunge viti 24 kati ya 80 viwe vya wanawake. Mwaka 2003 wanawake walipata viti 39, mwaka 2008 viti 45, mwaka 2013 viti 51. Mwaka 2008 Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza duniani ambayo wabunge wanawake ni wengi kuliko wanaume. Burundi nayo iliandika asilimia 30 katika katiba yake ya mwaka 2005. Neno zuri lisilo na hesabu ni kama ahadi ya mgao isiyo na tarehe. Sisi watu wa kambi tunalijua hilo kuliko wengine.

Tena wanawake kuwemo bungeni kulileta kitu, hata kabla ya hesabu hiyo kuandikwa. Sheria ya mwaka 1999 ilimpa binti wa Rwanda haki ya kurithi pamoja na kaka zake. Wakati ule wajane na mayatima wengi walikuwa hawana shamba kwa jina lao, na wabunge wanawake pamoja na vyama vya akina mama waliipigania. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia ukatili wa kijinsia ilianzia kwa wabunge wanawake wenyewe.

Baba zetu wengine wakisikia maneno haya husema, hayo ni mambo ya Beijing. Tunawajibu kwa heshima: katibu mkuu wa mkutano ule wa Beijing wa mwaka 1995 alikuwa Gertrude Mongella, mtoto wa Ukerewe katika Ziwa Viktoria. Wengine hutukumbusha methali kwamba kuku jike hawiki penye jogoo. Sawa. Lakini mwaka 1994 katika nyumba nyingi za nchi hii jogoo hakuwepo tena, na asubuhi ilifika vilevile.

Hapa lazima tuseme kweli yote, hata inayotuuma. Mwaka 1994 Waziri wa Familia na Wanawake wa Rwanda alikuwa mwanamke, Pauline Nyiramasuhuko. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mwaka 2011 kwa makosa ya mauaji ya kimbari, na pia kwa ubakaji uliofanywa na watu waliokuwa chini yake. Ofisi ile ilikuwa ya kuwalinda wanawake. Kwa hiyo hatuwaombi mchague mwanamke kwa sababu tu amevaa kitenge. Mwulizeni alifanya nini jana, na jirani wa kabila jingine anamsemaje.

Sasa tuje nyumbani, yaani hapa kambini. Kamati yetu ina wajumbe 11. Wanawake ni 2. Mmoja ameshika usafi, mwingine ameshika mambo ya wanawake. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mgao wa chakula na usalama, wote ni baba zetu. Hatuwalaumu, wamefanya kazi nzito bila mshahara. Lakini sikilizeni jambo moja. Msimu wa mvua uliopita kikao kiliandika kwamba vyoo vinatosha. Kwa hesabu vilitosha kweli. Lakini milango haikuwa na komeo kwa ndani, na njia haikuwa na taa. Binti zetu waliacha kunywa maji kuanzia saa kumi na moja jioni ili wasilazimike kutoka usiku. Mjumbe wetu wa usafi alilileta jambo hilo kikaoni mara tatu. Mara ya tatu likaandikwa, na komeo zikawekwa ndani ya wiki mbili. Komeo ni kitu cha bei ndogo. Kikaoni kulikosekana watu wanaoogopa kwenda chooni usiku.

Nasi akina mama tuna kosa letu. Katika uchaguzi uliopita mama mmoja aligombea uenyekiti. Tulimcheka pale bombani. Tulisema, huyu mumewe yuko wapi? Wengine wetu tunaosoma hotuba hii hatukumpa kura. Tunamwomba radhi leo mbele ya watu, naye yupo hapa anatusikia.

Uchaguzi mpya wa Kamati ni mwezi ujao. Tunaomba mambo manne.

Kwanza, idadi iandikwe katika kanuni za Kamati. Asilimia 30 ya wajumbe 11 ni 3 na kidogo. Tunaomba wawe angalau 4.

Pili, kazi zigawanywe. Kati ya mwenyekiti, katibu, mweka hazina na msimamizi wa mgao, angalau mmoja awe mwanamke.

Tatu, saa ya kikao ibadilishwe. Saa nne asubuhi ndiyo saa ya foleni ya maji. Mwanamke hawezi kuwa bombani na kikaoni kwa wakati mmoja. Tunapendekeza saa tisa alasiri, na siku hiyo baba abaki na watoto. Hatafa.

Nne, kwa wageni wetu wa mashirika: mnapokuja kushauriana nasi, msituite akina mama siku ya sabuni peke yake. Tuiteni pia siku ya orodha ya chakula na siku ya ulinzi, na karatasi isomwe kwa sauti katika Kiswahili, maana wengi wetu hatukupata shule ya Kifaransa wala Kiingereza.

Kambi ni mahali pa shida, lakini siku hizi hatusikii bunduki. Wanawake wa nchi zetu tatu waliitwa wakati nyumba inawaka. Sisi tunaomba kuitwa sasa, wakati bado kuna maji kwenye ndoo na watu wametulia. Siku moja tutarudi makwetu, na kule kijijini kutakuwa na mashamba ya kugombaniwa, wajane wa kutetewa na shule za kujengwa upya. Atakayejifunza kuongoza kikao hapa atajua kukiongoza huko.

Akina mama wanne wamekwisha chukua fomu. Majina yao yamebandikwa ubaoni karibu na zahanati. Nendeni mkayasome, mwulizane juu yao, kisha mpige kura kwa haki.



Ni sisi, wajumbe wanawake wa Kamati.