Kabla ya spika, tazama mlango

Juma lililopita alifika nyumbani kwangu hapa Singida mjini mpwa wangu mmoja anayeishi Ikungi. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kunieleza hali ya dada yangu na hali ya mifugo, alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameuza alizeti, bei haikuwa mbaya, na fedha alizopata hakutaka kuzitia kwenye pikipiki kama wenzake. Alitaka kununua muziki. Kijana wa siku hizi akisema anataka kununua muziki hana maana ya nyimbo. Ana maana ya spika, ampli, mikisa na vikorokoro vyake vyote, apate kupiga kwenye harusi, sherehe za kuaga mabinti, kipaimara na sikukuu.

"Mjomba," akaniambia, "wewe ulipiga disko miaka ile. Nitazamie orodha hii."

Nikaitazama. Mstari wa kwanza: spika 4 kubwa za besi, za inchi 18. Mstari wa pili: ampli moja. Wa tatu: taa za rangi. Wa nne: mashine ya kutoa moshi. Waya haukuwemo, jenereta haikuwemo, hedifoni hazikuwemo. Nikamwuliza atapigia wapi. Akanijibu, "Popote watakapopatikana watu, Mjomba."

Jibu hilo nililiwahi mimi kabla yake, zaidi ya miaka 25 iliyopita, na leo nina sababu ya kuliogopa. Ndiyo maana nimeona mazungumzo yangu ya wiki hii yawe juu ya kazi ya DJ, kazi ambayo wengi wetu tunaidhani ni ya kubonyeza vitufe na kuvaa miwani ya jua usiku.

Nianze na umeme, kwa sababu ndio uliyonipa fundisho la kwanza. Usiku mmoja wa harusi huko Manyoni nilikuwa na ampli nzuri na spika 4, nami nikazifunga zote upande mmoja wa ampli kwa kuwa waya wa upande wa pili ulikuwa umekatika. Kila spika ina namba nyuma yake, iliyoandikwa karibu na alama inayofanana na tao la mlango wa msikiti. Namba hiyo ni ya omu, na kwa spika nyingi ni 8. Ukifunga mbili sambamba, ampli inaona omu 4. Ukifunga nne, inaona omu 2. Kadiri namba inavyopungua ndivyo ampli inavyosukuma mkondo mwingi zaidi wa umeme, na ampli nyingi hazikuumbwa kustahimili omu 2. Mimi hayo sikuyajua. Niliyajua saa 5 usiku, bibi harusi akiwa amesimama tayari kukata keki, ukumbi uliponuka kama plastiki iliyotupwa motoni. Waliokoa harusi ile akina mama kwa vigelegele, makofi na ndoo iliyogeuzwa kuwa ngoma. Nililipwa nusu, na kwa haki.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo, nalo ndilo lililoenea zaidi: ampli ndogo inayolazimishwa kufanya kazi ya ampli kubwa. Kijana anapandisha sauti mpaka taa nyekundu inawaka bila kuzimika, naye anadhani ni pambo. La hasha! Taa ile inasema kuwa ampli imefika mwisho wake na inakata vichwa vya mawimbi ya sauti. Kwanza utasikia mkwaruzo, kisha vinakufa vispika vidogo vya sauti nyembamba, yaani twita. Mwenye muziki analalamika kuwa ameuziwa spika bandia, kumbe ameziunguza mwenyewe.

Jenereta nayo ina adabu zake. Ikiwa ndogo, kila besi inapogonga taa zinafifia, na kompyuta inaweza kuzima katikati ya wimbo. Taa zitenganishwe na muziki kama uwezo upo. Waya wa kurefusha ufunguliwe wote kutoka kwenye kigurudumu chake, maana ukiachwa umejiviringisha huku unabeba mzigo mkubwa hupata moto wenyewe kwa wenyewe. Tena jenereta ikae nje, mbali na madirisha, upande ambao upepo unaondoa moshi. Sisi wa Singida upepo tunao wa kutosha hata tukawauzia wengine, basi tuutumie. Moshi wa jenereta una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu ndani ya chumba bila hata kuwaamsha. Upepo huohuo, lakini, ndio unaoleta vumbi kwenye mikisa miezi ya kiangazi. Kitambaa kikavu cha kuifunika kina thamani kuliko mashine ya moshi.

Sasa kuchanganya nyimbo. Hapa sitakaa sana, kwa sababu kompyuta za leo zinaoanisha mapigo zenyewe. Sisi tulikuwa na deki mbili za kaseti na penseli ya kuzungushia kanda. Mashine za santuri za Technics SL-1200, zilizotoka Japani tangu 1972 na zenye namna ya kuongeza au kupunguza mwendo, nilikuwa nikizisikia kwa watu waliotoka Dar es Salaam. Kaseti zetu hazikuwa na anasa hiyo, kwa hiyo tulilazimika kujua mwendo wa kila wimbo kichwani. Kijana anayeanza namshauri afanye hivyohivyo hata kama ana kompyuta. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4, andika. Nyimbo zenye mwendo unaokaribiana ziweke jirani. Wimbo unaofuata usikilize kwanza kwa sikio moja kwenye hedifoni, na sikio la pili liachie ukumbi. Mwenzangu asiyekuwa na hedifoni ni sawa na mpishi asiyeonja.

Mpwa wangu aliniuliza mtu anatokaje kwenye Bongo Fleva ya taratibu na kuingia kwenye singeli bila watu kujikwaa. Ni hesabu tu. Singeli, muziki uliozaliwa uswahilini Dar es Salaam, mara nyingi huvuka mapigo 200 kwa dakika. Wimbo wa mapigo 100 ni nusu yake kamili, hivyo miguu iliyozoea huu inaukuta ule bila kupotea. Lakini kompyuta haitakuambia kuwa akina mama wamekaa chini dakika hii hii kwa sababu wamechoka, au kuwa wazee wa upande wa bwana harusi hawajapigiwa hata wimbo mmoja wa dansi. Hayo yanahitaji macho. DJ anayepiga ameinamia kioo usiku mzima anajipigia mwenyewe.

Na sauti ipunguzwe jamani. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa viwango vya kumbi na matamasha, na kikomo walichoweka ni wastani wa desibeli 100. Huna kipimo? Simama mbele ya spika urefu wa mkono kutoka kwa mwenzako, mzungumzishe. Ikiwa unampigia kelele sikioni na bado anauliza "nini?", umezidisha. Sikio langu la kushoto, lile lililokuwa likitazama spika, lina mvumo usiokoma mchana wala usiku. Nikilala ndipo unapopata nafasi.

Ndugu msikilizaji, yote niliyosema mpaka hapa ukikosea unapoteza fedha, au sikio. Sasa nije kwenye lile jibu la "popote watakapopatikana watu".

Miaka ile nilipiga disko toto siku ya sikukuu katika ukumbi mmoja wa mkoa huu. Mwenye ukumbi alikuwa ameziba madirisha kwa magunia ili walio nje wasitazame bure. Mlango ulikuwa mmoja, na mkata tiketi alikuwa ameulazia benchi ili watoto wapite mmojammoja. Tiketi ziliuzwa mpaka vitabu vikaisha, kisha wakaanza kugonga mihuri mikononi. Mimi nilikuwa jukwaani, nimefurahi, maana malipo yangu yalikuwa kwa kichwa. Niliona jasho likitiririka ukutani. Niliona watoto wadogo waliokaribia jukwaa hawachezi tena, wamesimama tu mikono imebanwa kwenye mbavu. Niliona, lakini sikuelewa nilichokiona mpaka binti mmoja wa miaka kama 9 alipoanguka miguuni pa meza yangu.

Nikafanya kosa kubwa kuliko yote. Nilizima muziki ghafla na kupiga kelele kwenye maiki, "Tokeni nje!" Ukumbi mzima uligeuka kwa mara moja kuelekea mlango mmoja wenye benchi. Mungu alikuwa mwema kwetu siku ile. Kijana mmoja mwenye nguvu alilivunja benchi kwa teke, na wengine wakayang'oa magunia. Alivunjika mkono mtoto mmoja, na binti yule alizinduka kwa maji. Mimi niliendelea na kazi hiyo miezi michache tu, kisha nikauza deki zangu.

Oktoba 2008, siku ya Idi el-Fitri, watoto wapatao 20 walikufa kwa kukosa hewa na kukanyagana katika disko toto huko Tabora. Tabora ni jirani yetu wa magharibi. Ukipanda treni Manyoni au Itigi, huko ndiko inakokwenda. Nilipoisikia habari ile nilikaa kitako, kwa maana nilikuwa ninaujua ukumbi ule ingawa sijawahi kuingia ndani yake. Tangu hapo, sikukuu zinapokaribia, polisi katika mikoa mbalimbali wamekuwa wakitangaza marufuku ya disko toto, na kila mara wapo wanaonung'unika kuwa watoto wananyimwa furaha yao. Mimi si miongoni mwao. Watoto wacheze mchana, uwanjani, kwenye hewa ya Mungu, wazazi wakiwa wameketi pembeni na karanga zao.

Wengi husema idadi ya watu ni kazi ya mwenye ukumbi na ya polisi. Ni kweli ni kazi yao. Lakini mwenye ukumbi yuko mlangoni anahesabu noti, na polisi mara nyingi hayupo. Ndani ya ukumbi mtu mmoja tu amesimama juu kuliko wengine, anawatazama wote usoni, na ameshika maiki ambayo wote wataisikia. Mtu huyo ni DJ.

Kwa hiyo nilimpa mpwa wangu futi ya kupimia kabla ya kumwambia habari za spika. Pima urefu na upana wa ukumbi. Ukumbi wa mita 10 kwa 15 ni mita za mraba 150. Wacheza dansi wawili kwa kila mita wanapumua na kucheza, yaani watu 300. Wakifika watano kwa mita moja, wataalamu wa mikusanyiko wanasema hapo pana hatari, kwa sababu mtu haendi tena kwa miguu yake bali anasukumwa na wengine kama maji. Toa nafasi ya jukwaa, meza na viti, kisha ulizia vitabu vya tiketi ni vingapi. Malipo yako yawe ya mkupuo, si kwa kichwa, ili macho yako yasipofushwe kama yalivyopofushwa yangu.

Na ukilazimika kuusimamisha muziki, usiukate. Punguza besi kwanza, washa taa nyeupe, shusha sauti taratibu mpaka watu waanze kusikiana. Zungumza kama unayemkaribisha mgeni, si kama unayefukuza mwizi. Waombe walio karibu na mlango watoke kwanza, kisha wanaofuata, na wimbo mpole uendelee chini kwa chini ili watu wajue hakuna balaa. Kamwe usitangaze kuwa mlango unafungwa, wala kuwa zawadi zinagawiwa mbele. Maneno hayo mawili yanaweza kuusukuma umati kuliko besi yoyote.

Orodha ya mpwa wangu tuliifanyia marekebisho usiku huo. Mashine ya moshi ilifutwa pamoja na spika 2. Ziliingia waya nene, hedifoni, taa kubwa nyeupe na jenereta atakayoikodi kwanza kabla ya kununua. Hakufurahi sana. Kesho yake tulikwenda pamoja kuutazama ukumbi alioahidiwa kwa kazi yake ya kwanza. Una milango miwili, jambo zuri, ila wa nyuma ulikuwa umepigwa kufuli na hakuna aliyejua ufunguo uko kwa nani. Nilimwambia asipokee malipo ya awali mpaka mlango ule ufunguke mbele ya macho yake.

Jana alinipigia simu. Ufunguo umepatikana na kufuli limefunguka, lakini nje ya mlango kuna magunia ya alizeti ya mwenye ukumbi yaliyopangwa mpaka juu, na mwenyewe anasema hayahamishi mpaka bei ipande. Tarehe ya sherehe ni Jumamosi ya wiki mbili zijazo. Mpwa wangu amerudisha fedha na anatafuta ukumbi mwingine.

Kwaherini mpaka juma lijalo.