Dozi Nzima: Mazungumzo ya Kamati ya Afya kwenye Sherehe ya Miaka Kumi



Mahesabu ya hisa Mweka Hazina ameshayasoma, na makofi mmempigia. Sisi wa kamati ya afya tumekuja na jambo la tumboni: vidonda vya tumbo na dawa zake. Tumelichagua kwa sababu kosa tulilifanya sisi wenyewe, hapa hapa kikundini.

Mtakumbuka. Mwenzetu mmoja, jina tunalihifadhi, aliandikiwa dawa za siku 14. Siku ya sita maumivu yakakata, akalala usingizi alioukosa miezi mingi. Mwenzetu wa pili naye alikuwa akilalamika kwamba tumbo linawaka moto. Basi siku ya kikao, mbele ya sanduku la fedha, yule wa kwanza akatoa vidonge vilivyobaki akampa mwenziwe. Na sisi tukapiga makofi! Tukasema huu ndio umoja. Haikupita miezi mingi, usiku tukawa tunagonga milango kutafuta gari la kumpeleka yule wa kwanza hospitali, na asubuhi tukatafuta watu wa kumtolea damu. Kidonda kilikuwa kimerudi na kimetoboa mshipa. Mungu alimnusuru. Mfuko wa jamii siku ile ulibaki mtupu.

Sasa jamani, kwa nini? Wengi tulikuzwa tukiambiwa vidonda vinaletwa na mawazo na pilipili. Pilipili inaweza kukuchoma penye kidonda, ni kweli, lakini vidonda vingi vya tumboni na vya mwanzo wa utumbo mwembamba vina vyanzo viwili. Cha kwanza ni kijidudu kiitwacho Helicobacter pylori. Waliokigundua ni madaktari wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren. Watu hawakuwaamini, hata mwaka 1984 Marshall akakinywa kijidudu hicho mwenyewe, akaugua tumbo. Mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. Chanzo cha pili ni dawa za maumivu: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini. Tunazimeza kama karanga kwa sababu ya magoti na migongo, na kuni tunabeba kila siku.

Mwenzetu wa kwanza alikuwa na kijidudu. Wa pili alikuwa na diklofenaki za magoti. Vidonge alivyopewa vingemsaidia nini, na diklofenaki bado anaendelea nazo? Ugonjwa ulifanana kwa maumivu tu.

Dawa za kijidudu huandikwa kwa pamoja. Mara nyingi ni omeprazoli ya kupunguza asidi, na antibayotiki mbili, kwa mfano amoksilini na klarithromaisini, au metronidazoli. Omeprazoli ndiyo inayokudanganya: asidi ikipungua, maumivu hutulia mapema, wakati vijidudu bado viko hai. Ukiacha hapo, vilivyobaki ni vile vigumu, na safari nyingine dawa ile ile inaweza kushindwa. Siku 14 ni siku 14, hata kama unajisikia kucheza ngoma.

Omeprazoli imezwe nusu saa hivi kabla ya chakula. Kidonge chake kisitafunwe wala kusagwa, maana kimefunikwa makusudi ili asidi isikiharibu. Klarithromaisini na metronidazoli huacha uchungu kama wa chuma mdomoni. Wengine huacha dawa kwa sababu hiyo, kumbe ni ladha tu na itapita. Ukiwa kwenye metronidazoli, pombe weka kando. Aliyewahi kuvimba au kutoka vipele kwa penisilini amwambie daktari mapema, kwa kuwa amoksilini ni ndugu yake. Na mwambie pia dawa nyingine zote unazotumia, za presha, za sukari, na za mitishamba. Usione haya.

Akina mama, hili tulisikilize vizuri zaidi. Ipo dawa iitwayo misoprostoli, ambayo madaktari huiandika kulinda tumbo la mtu anayelazimika kutumia dawa za maumivu. Dawa hiyo hukaza mji wa mimba. Mjamzito akipewa kwa nia njema na jirani mwenye vidonda, mimba inaweza kutoka, na damu ikamwagika nyingi. Huyo jirani hatakuwa mchawi. Atakuwa mtu mwema aliyegawa kidonge, kama tulivyogawa sisi.

Baada ya dozi, mrudi kupimwa. Kipimo cha choo au cha pumzi ndicho kinachoonyesha kama kijidudu kimekwisha, nacho kifanyike angalau wiki 4 baada ya antibayotiki, na omeprazoli iwe imeachwa wiki 2. Kile cha damu kinaweza kuendelea kusema kipo hata kama umepona, na kuna wanaonunua dozi ya pili na ya tatu kwa ajili yake. Hasara tupu.

Ukiona choo cheusi kama lami, au ukitapika damu au kitu kama unga wa kahawa, usisubiri siku ya kikao. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kuwa cheusi, lakini hilo aliamue mganga, siyo sisi barazani.

Tunajua kwamba wengine hununua nusu dozi kwa sababu fedha haitoshi, siyo kwa ukaidi. Muuzaji wa duka la dawa naye hukukatia vidonge kumi ukimwomba. Kwa hiyo kikao kilikubali: mwanachama aliyeandikiwa dozi ya vidonda, mfuko wa jamii utamkopesha bei ya dozi nzima bila riba, arudishe kidogo kidogo. Masharti ni mawili, alete karatasi ya daktari, na vidonge avimalize yeye mwenyewe. Yule mwenzetu wa kwanza ndiye aliyetoa hoja, na ndiye atakayetunza daftari la mikopo hiyo. Karatasi mpelekeeni yeye, hata kama imekunjamana kwenye pindo la khanga.