Mti Ulibaki, Fundi Akaondoka

Hotuba ya Kamati ya Bustani na Maji kwa wanachama wa hekalu na majirani, katika maadhimisho ya mwaka huu



Tumeombwa tuseme juu ya kazi ambazo kijana wa Tarime au wa Serengeti anaweza kuzisomea na kuziishi. Tumechagua tatu, kwa kuwa hukaa pamoja kama mafiga: kazi ya bustani na mandhari, kazi ya kutunza miti, na kazi ya kuhifadhi maji. Figa moja likiondolewa, chungu hakikai.

Lakini kabla ya kuwashauri watoto wa wenzetu, hatuna budi kuungama kosa letu wenyewe.

Nyote mnaufahamu mwarobaini ulio uani mwa hekalu. Chini yake tumefungisha ndoa, tumeandalia wageni chakula, na majirani wamepumzika wakisubiri jua lipungue. Miaka kadhaa iliyopita, tukijiandaa kwa Diwali, sisi wanakamati tuliona vumbi la uani linatuaibisha. Tukamwaga zege ua mzima, hadi kwenye shina la mti. Kazi ilikamilika kwa siku tatu na tukapongezana. Zilipofika mvua za vuli, maji yaliyokuwa yakinywewa na udongo yakakosa pa kwenda, yakateremka na kuingia jikoni kwa majirani zetu wa upande wa chini. Wanaikumbuka siku ile. Tuliwaomba radhi wakati ule, na leo twawaomba tena mbele ya wote.

Mti nao haukusema neno, maana mti hausemi. Mwaka wa pili matawi ya juu yalianza kukauka. Tukamwita mtu mwenye panga na shoka, akaukata kichwa kizima, tukaona sasa umepata nafuu. Kumbe tulikuwa tumeuongezea ugonjwa. Vidonda vile vikubwa vilioza, na usiku mmoja tawi zito likaanguka pale pale watoto wanapoketi siku za Jumapili. Lingeanguka mchana, leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Kesho yake tukaazimia kuung'oa mti.

Aliyetuzuia ni kijana wa Kikurya, mtoto wa jirani, aliyekuwa ametoka kusomea misitu. Aliuzunguka mti mara mbili, akagonga shina kwa kisigino cha kiganja, kisha akatueleza kwa adabu kwamba mti hauna ugonjwa wowote usiotoka kwetu. Mizizi inayonywa maji, alisema, haiko chini sana kama watu wanavyodhani. Sehemu kubwa yake imo katika nusu mita ya juu ya udongo, nayo hutambaa mbali kupita kivuli cha matawi. Mizizi hiyo huhitaji maji, nayo huhitaji hewa pia. Sisi tulikuwa tumeifunika kwa zege kama tunavyofunika kaburi.

Alivunja zege mita tatu kuuzunguka mti, akatandaza majani makavu na maranda, akihakikisha hayagusi shina. Matawi yaliyokufa aliyaondoa kwa misimu miwili, si kwa siku moja. Tulimtazama akifanya kazi, tukaona kwamba kukata tawi nako kuna elimu yake. Alianza kulikata kidogo kutoka chini, umbali wa shubiri kutoka kwenye shina, ili gome lisichanike. Akalikata kutoka juu, mbele kidogo ya pale, tawi likaanguka. Kisha akaondoa kisiki kilichobaki, akiuacha ule uvimbe mdogo mahali tawi linapoungana na shina, kwa maana ndipo mti unapofungia kidonda chake wenyewe. Hakupaka rangi wala lami. Mti ukachipua. Upande mmoja haukurudi hadi leo, na twauacha hivyo utukumbushe.

Sasa tufike penye aibu kubwa zaidi. Alipomaliza, tulimlipa ujira wa kibarua wa kufyeka majani. Alikuwa ametutajia bei yake; tukaiona kubwa, tukamwambia, "Si umekata matawi tu?" Alipokea fedha kwa mikono miwili, akashukuru, akaondoka. Baada ya miezi michache tulisikia amehama mkoa kutafuta kazi mahali ambapo taaluma yake inathaminiwa. Mti ulibaki, fundi akaondoka. Tangu siku hiyo, kila tunapohitaji mtu wa kazi ile, hatumpati.

Ndugu zetu, jambo hili si la uani kwetu peke yake. Fikirini juu ya nchi tunayoishi. Mto Mara huanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, ukapita mbuga za Maasai Mara na Hifadhi ya Serengeti, kisha ukateremka kati ya Tarime na Serengeti hadi kwenye madimbwi na mafunjo, ukapita Kirumi na kuingia Ziwa Victoria. Urefu wake ni takriban kilomita 395, na bonde lake lina takriban kilomita za mraba 13,500, thuluthi mbili zikiwa Kenya. Wakati wa kiangazi, nyumbu na pundamilia huja kwenye mto huu kwa sababu mito mingine ya hifadhi imekauka au imebaki vidimbwi. Ng'ombe wetu huunywa, mashamba yetu huutegemea. Kila mwaka Septemba 15, Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara kwa kuwa zimetambua kwamba mto huu haujui mpaka wa Sirari.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Wengi tunaijua kama katazo tu. Lakini mita 60 zile zikiachwa tupu bila mtu wa kuzitunza, hubaki vumbi wakati wa jua na tope wakati wa mvua. Zahitaji mtu anayejua kwamba mkuyu hushika ukingo vizuri, na kwamba mkaratusi, pamoja na faida zake kwa nguzo na mbao, haufai kupandwa kwenye chemchemi kwa kuwa ni mnywaji mkubwa. Mtu huyo hazaliwi akijua. Hufundishwa.

Wenyeji wa nchi hii walilifahamu jambo hilo zamani. Waikoma, Wanata na Wangoreme walikuwa na mahali pao patakatifu, emisambwa, pengi pakiwa chemchemi, vilima na miti mikubwa, pakilindwa kwa miiko. Sisi nasi tulilelewa kuuheshimu mpipali na kuumwagilia mtulasi kila asubuhi. Mwarobaini na mwembe, ambayo leo hakuna anayeiita migeni, ilivuka bahari kutoka Bara Hindi ikapata makao hapa. Heshima basi tunayo, sisi na majirani zetu. Tulichopungukiwa ni kuiunganisha heshima hiyo na elimu, na elimu hiyo na ujira wa haki.

Je, kazi zenyewe zipo? Zipo, na nyingine ziko mlangoni petu. Hoteli na kambi za watalii zinahitaji bustani, lakini si bustani yoyote. Mwaka 2017 watafiti walioichunguza ikolojia ya Serengeti na Mara walieleza kwamba waliona zaidi ya aina 200 za mimea ngeni, nyingi zikiwa zililetwa kama mapambo. Baadhi hutoroka bustanini. Lantana iliyopandwa kuwa ua la kupendeza hugeuka kichaka kisicholika, na gugu karoti huwasha ngozi na kuharibu malisho. Mtunza bustani anayejua mimea ya asili ya eneo hili ni mlinzi wa hifadhi sawa na askari mwenye bunduki.

Migodi mikubwa hutakiwa kuirejesha ardhi inapomaliza kuichimba: kurudisha udongo wa juu, kupanda nyasi, kisha miti. Hiyo ni kazi ya miaka mingi inayohitaji vitalu vya miche na watu wa kuvisimamia. Mji wa Mugumu hutegemea maji ya Bwawa la Manchira, na bwawa lolote hujaa mchanga ikiwa vilima vinavyolilisha vimeachwa uchi. Huko kwenye miteremko ya Tarime kunahitajika mtu wa kupima mwinuko na kuchora makinga maji. Tena hapa lugha yetu ina fahari yake: aina ya matuta iitwayo "fanya juu", ambayo mkulima huchimba mfereji na kuutupa udongo upande wa juu, imeingia kwa jina hilo hilo la Kiswahili katika vitabu vya wahandisi wa udongo duniani. Ilisifika kutoka Machakos, Kenya. Wataalamu wa mataifa hulitamka neno letu, nasi twamwita anayelifanyia kazi "kibarua".

Kijana anayetaka kusoma ana njia. Chuo cha Misitu cha Olmotonyi, karibu na Arusha, kimefundisha watu wa misitu tangu mwaka 1937. Tengeru, huko huko Arusha, kuna chuo kinachofahamika kwa mafunzo ya mboga, matunda na maua. Chuo cha Maji kilichoko Ubungo, Dar es Salaam, kilianzishwa mwaka 1974. Anayefika chuo kikuu anaweza kwenda Sokoine, Morogoro, kusomea misitu, kilimo cha bustani au umwagiliaji, au Chuo Kikuu Ardhi kusomea usanifu wa mandhari. Masomo ya sayansi ndiyo ufunguo, hasa baiolojia, kemia na jiografia, pamoja na hesabu.

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la ukumbi huu lina takriban mita za mraba 200. Mvua ya milimita 25, ambayo hapa kwetu ni mvua ya alasiri moja, huteremsha lita 5,000, ukitoa kidogo kinachopotea. Kwa miaka yote tuliyosali hapa, tumeyaacha maji hayo yaende kubomoa njia ya jirani, kisha kiangazi tukanunua maji kwa ndoo. Tulijiona wafanyabiashara hodari, na hesabu hii ilitupita.

Wazazi wenzetu, tunajua linalowakwaza. Mwana akisema anataka udaktari, twamchinjia mbuzi. Akisema anataka kutunza miti, twamuuliza kama ameshindwa masomo. Sisi tulikuwa hivyo hivyo. Lakini daktari wa miti naye huchunguza, hupima, hukata kwa uangalifu na hungojea matokeo. Tofauti ni kwamba mgonjwa wake anaweza kuishi miaka mia moja baada yake, na watu wasiomjua jina watakaa kivulini.

Ndiyo maana tunaleta maombi matatu, nasi twataka yaamuliwe na mkutano mkuu, yasibaki katika karatasi hizi. La kwanza: eneo jipya la magari lisimwagwe zege lote; litandazwe kokoto na kuachiwa mahali pa maji kuzama, na miti iliyopo izungukwe na udongo wazi. La pili: yanunuliwe matangi mawili ya lita 5,000 ya kupokea maji ya paa, na bomba moja lielekezwe upande wa majirani, walioingiliwa na maji yetu bila kuyaomba. La tatu, ambalo kwetu ndilo kubwa: hekalu limlipie ada kijana mmoja wa Tarime na mmoja wa Serengeti, wa dini yoyote na kabila lolote, asomee moja ya kazi hizi, na atakaporudi, tumpe kazi kwa bei ya mtaalamu, bila kubishana naye kwa sababu tu anashika panga.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Kwa yule kijana wa kwanza tulichelewa. Tumempelekea salamu na yale tuliyompunja, naye amejibu kwa upole kwamba mwarobaini ule ukaguliwe kila mwaka kabla ya masika. Mwaka huu tumeukagua wenyewe kwa macho yasiyo na elimu. Twaomba wa mwakani awe na macho yaliyosoma.

Baada ya chakula, miche ya mwarobaini na mikuyu iko karibu na lango. Kila nyumba ichukue mmoja, na anayechukua aulize kwanza utapandwa wapi.