Tulichoacha Thongpiny na Tulichobeba
(Hotuba ya mwalimu wa shule ya msingi, siku ya kumbukumbu ya Desemba 15)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya mila zetu baada ya vita. Mimi ni Mnuer, nami nitasema ya Wanuer, kwa kuwa ndiyo ninayoyajua. Ndugu zetu Wadinka na wa Equatoria mtapima wenyewe kama yanafanana na yenu.

Wengi wetu hapa Kakuma tulipita Thongpiny. Vita vilipoanza Juba usiku wa Desemba 15, 2013, tulikimbilia kituo cha Umoja wa Mataifa kando ya uwanja wa ndege. Maelfu tulilala chini ya turubai, na mvua za 2014 zikatukuta katika matope. Mwaka ule ule watu wakaanza kuhamishiwa kituo kingine, upande wa Jebel.

Jambo la kwanza ni gaar. Zamani kijana hakuhesabiwa mwanamume mpaka achanjwe mistari sita kipajini. Shule na makanisa yalikuwa yameanza kuipunguza desturi hiyo kabla ya vita. Lakini Desemba ile watu walitafutwa nyumba kwa nyumba kwa kabila lao, na alama ya heshima ikawa ya kumwonyesha mtu kwa mwenye bunduki. Mimi sina gaar, maana nilikulia shuleni. Binamu yangu alikuwa nayo. Tulitoka nyumbani pamoja. Langoni nilifika peke yangu.

Jambo la pili ni ng'ombe. Kwetu ndoa ni ng'ombe, na ng'ombe ni undugu: wajomba na baba wadogo kila mmoja ana fungu lake. Kambini hakuna zizi. Siku hizi mahari hupangwa kwa simu, ikalipwa kwa fedha au kwa ahadi. Fedha hugawanyika haraka, na mjomba asiyepata fungu haoni sababu ya kuja kusuluhisha nyumba ikiwaka moto. Tena binti akionekana kuwa njia pekee ya kuleta mali, hutolewa shule mapema. Nimeyaona hayo darasani mwangu, si mara moja.

Jambo la tatu ni akina mama. Wanaume wengi walikufa au walibaki vitani. Mama ndiye anayeshika kadi ya mgao, anayepanga foleni, na sasa anakaa katika kamati hii. Wazee wengine hulalamika kwamba mila imeharibika. Nawaomba watazame pia kwingine. Wapashtuni wa Afghanistan walikimbilia Pakistan kwa wingi baada ya majeshi ya Umoja wa Kisovieti kuingia nchini mwao Desemba 1979. Katika kambi nyingi wanawake wao walifungiwa zaidi kuliko kijijini, kwa sababu nje ya ua walikuwepo watu wasio jamaa. Na mbele ya wazee wa baraza lao, jirga, walijitokeza wakubwa wapya: wenye silaha na wenye kugawa chakula. Basi ukimbizi hauna njia moja. Huweza kumfungua mama au kumfungia. Sisi tunaokaa pamoja ndio tunaoamua.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Wazee, njooni shuleni Jumamosi mchana mtaje nasaba, watoto waziandike. Wazazi, msimalize mazungumzo ya mahari kabla binti hajamaliza masomo. Ndugu wa mashirika, mnapotaka kubadili jambo letu, kaeni kwanza na wazee na akina mama, ndipo mlete karatasi.

Mwisho, mwanangu ana miaka kumi na miwili. Baba yangu, aliyebaki nyumbani, huniuliza kwa simu gaar ni lini. Juzi nilimjibu: "Baba, mtoto atasoma na kuandika thuok Naath, na atawataja babu zake mpaka wa kumi. Ngozi yake niachie." Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mpe simu, aanze kunitajia."

Mtoto alifika wa sita. Bado wanne, na hao mimi mwenyewe ilibidi nimwulize mzee.