Usalama Kazini Hufunzwa kwa Mikono

Mafunzo ya usalama kazini kwa vitendo ni yale ambayo mfanyakazi hushika kifaa mwenyewe, hukitumia, hukosea, husahihishwa, kisha hurudia mpaka mkono uzoee. Ni tofauti na semina ambayo watu huketi, husikiliza, hutia saini orodha ya mahudhurio na kurudi kazini. Semina ina faida yake, kwa kuwa humweleza mtu hatari iko wapi. Lakini ajali haisubiri mtu akumbuke alichoelezwa. Moshi ukitanda na kelele zikizidi, mwili hufanya kile ulichokwisha kukizoea; mbele ya usichokizoea, huduwaa.

Sheria zinalitambua jambo hili. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali, OSHA. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2007 inakataza mtu kuwekwa kwenye mashine yenye hatari kabla hajaelezwa hatari hizo na kupewa mafunzo ya kutosha au kuwekwa chini ya uangalizi wa mjuzi.

Utaratibu wa kufundisha kwa vitendo si mgeni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, viwanda vya Marekani vilipokea watu wengi wasiojua kazi, nao wakafundishwa kwa hatua nne: kumwandaa mwanafunzi, kumwonyesha kazi, kumwacha ajaribu, na kumfuatilia baadaye. Hatua ya tatu ndiyo roho ya mafunzo, nayo ndiyo hurukwa mara nyingi, kwa sababu inakula muda.

Somo la kuanzia ni mtungi wa kuzimia moto. Matumizi yake huelezwa kwa maneno machache: chomoa pini, elekeza mdomo wa mpira kwenye shina la moto, bana kishikio, kisha fagia kulia na kushoto. Anayewashiwa moto wa kweli kwenye sinia la chuma uwanjani hugundua mengine. Pini haichomoki mkono ukiwa umebana kishikio. Mtungi wa poda wa kilo 6 huisha kabla ya nusu dakika. Anayelenga ndimi za juu humaliza poda, moto ukabaki pale pale. Aliyesimama upepo unakoelekea hurudishiwa poda usoni. Hujifunza pia kwamba mafuta yanayowaka hayamwagiwi maji, kwamba mlango wa kutokea lazima uwe nyuma yake, na kwamba moto uliokwisha kushika dari si wa kupigana nao bali wa kuukimbia.

Somo la pili ni gumu zaidi, kwa sababu linapingana na huruma. Katika mashimo ya majitaka, visima na matangi, mtu huanguka kwa kukosa hewa au kwa gesi yenye sumu. Mwenzake humwona, huingia kumtoa, naye huanguka. Wa tatu hufuata. Uchunguzi uliofanywa Marekani katika miaka ya 1980 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya waliofia katika sehemu za namna hiyo walikuwa waokoaji. Pua haisaidii: gesi inayonuka kama yai viza, ikizidi, huua uwezo wa kunusa, na mtu hudhani imekwisha. Onyo la mdomo pekee haliwezi kumzuia mtu anayemwona ndugu yake akikata roho. Kinachoweza kumzuia ni kuwa amekwisha kufanya mazoezi ya njia nyingine: kupima hewa kwa kifaa kabla ya mtu kuingia, kumfunga mkanda wa mwili mzima wenye kamba, na kumvuta kwa winchi kutoka juu, hali mwokoaji mwenyewe amebaki nje.

Somo la tatu ni la mashine na umeme. Fundi anayerekebisha mashine huzima swichi kuu, huifunga kwa kufuli lake, hukaa na ufunguo, kisha hujaribu kuiwasha ili ahakikishe imekufa. Jaribio hilo la mwisho hudharauliwa na asiyewahi kulifanya mbele ya mkufunzi, kumbe ndilo humfichulia kuwa amefunga swichi isiyo ya mashine hiyo.

Liko pia zoezi la kutoka jengoni. Mjini New York, baada ya bomu la mwaka 1993 katika majengo ya World Trade Center, mkuu wa usalama wa kampuni ya Morgan Stanley, Rick Rescorla, aliwalazimisha wafanyakazi kushuka ngazi mara kwa mara, wengine wakinung'unika kwamba anawapotezea muda. Tarehe 11 Septemba 2001, majengo hayo yaliposhambuliwa, kati ya wafanyakazi wapatao 2,700 waliokuwa kazini, karibu wote walitoka salama. Rescorla alirudi kutafuta waliobaki, na hakutoka tena.

Mafunzo haya hufifia yasiporudiwa, kwa hiyo hupangiwa tarehe kama matengenezo ya mashine. Hayawi kamili pia yakiwaacha nje kibarua wa siku, mlinzi wa usiku na mfanya usafi. Hao mara nyingi ndio walio karibu na hatari, na maisha yao hayana thamani pungufu kuliko ya aliyeajiriwa kwa mkataba. Mafunzo hupimwa kwa njia moja: mfanyakazi hupewa kifaa bila kuelekezwa, akaachwa atende peke yake. Akiweza, amefunzwa. Asipoweza, saini yake kwenye orodha haitamwokoa, na wa kurudi uwanjani ni yeye pamoja na mkufunzi wake.