Wasiofika Hospitali: Nafasi ya Kijiji katika Masomo ya Udaktari



Katika kikao cha kupitia mtaala, mwenzetu mmoja ninayemheshimu alipendekeza mafunzo ya vijijini yaondolewe katika shahada ya kwanza ya udaktari. Miaka mitano haitoshi, alisema. Anatomia, fiziolojia na biokemia zinajaza miaka ya mwanzo. Patholojia na famakolojia zinadai nafasi. Kisha wodi za magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi zinameza iliyobaki. Afya ya jamii ataisoma anayeitaka akishahitimu. Wengi walimwunga mkono.

Sina ugomvi na saa za anatomia. Ninachokataa ni dhana inayoibeba hoja hiyo: kwamba udaktari wenyewe hufundishwa wodini, na kijiji ni nyongeza.

Chukueni kipimo kinachowagundua wagonjwa 90 katika kila 100, na kuwapa jibu sahihi wazima 90 katika kila 100. Tuseme katika hospitali ya rufaa, kati ya watu 1,000 wanaopimwa, 300 wana ugonjwa huo. Watakaoambiwa wanao ni 340, na kwa 270 jibu ni la kweli. Kipelekeni kipimo hichohicho zahanati, ambako wenye ugonjwa ni 10 tu katika 1,000. Watakaoambiwa wanao ni 108, na wanaouugua kweli ni 9. Aliyefunzwa wodini pekee atawatibu watu 99 ugonjwa wasio nao, tena kwa kujiamini. Hili ni somo la utambuzi wa ugonjwa, kiini cha udaktari. Vipi tuliahirishe?

Na kwa kuwa maana ya kipimo hutegemea nani amefika mbele ya daktari, kila mwaka narudi kwenye *Medical Care in Developing Countries*, kitabu alichokihariri Maurice King kutokana na kongamano la Makerere, kikachapwa Nairobi mwaka 1966. Kinamfundisha daktari wa hospitali ndogo kazi zake za kila siku, lakini kurasa ninazozipenda kuliko zote ni zile za sura aliyoiandika pamoja na mchumi Richard Jolly. Walichunguza hospitali ya Mityana, Uganda, wakauliza wagonjwa wa nje wanatoka wapi. Mahudhurio kwa kila mkazi yalipungua kwa nusu kila umbali ulipoongezeka maili mbili. Kwa mwendo huo, anayeishi maili sita kutoka hospitali anahudhuria mara moja pale anayeishi jirani na hospitali anapohudhuria mara nane. Ugonjwa haupungui kwa kufuata maili. Uwiano huo mmoja ulinifundisha mengi zaidi kuhusu wodi kuliko wodi zenyewe.

Nilishauona kwa macho nikiwa mwanafunzi. Mganga mfawidhi wa zahanati niliyopelekwa alinipa rejista, akaniagiza nihesabu majina kijiji kwa kijiji. Kijiji kimoja cha ng'ambo ya mto kilikuwa karibu hakimo. Kesho yake tulivuka kwa mtumbwi. Katika nyumba za mwanzo tu tulimkuta mtoto mwenye homa kali, mama yake akisubiri maji yapungue.

Husemwa pia kwamba kazi ya kuwafuata wasiofika hospitali ina wenyewe, maafisa afya. Lakini daktari tunayemfunza, baada ya utarajali, huenda akawa Mganga Mkuu wa Wilaya, mwenye kauli juu ya dawa, chanjo na gari la wagonjwa viende wapi.

Wapinzani wangu wana haki kwa jambo moja. Mafunzo mengi ya vijijini huendeshwa ovyo: wanafunzi wanajaza madodoso, wanarudi na ripoti isiyosomwa na mtu. Dawa yake ni usimamizi. Hatujawahi kufuta upasuaji kwa kuwa mwalimu fulani haonekani chumba cha upasuaji.

Napendekeza mwanafunzi apelekwe kituo cha afya mwaka wa kwanza, kabla wodi haijamjengea mazoea, na arudi hapohapo mwaka wa nne aihesabu rejista upya. Alichokiona akitetee katika mtihani wa mwisho, mbele ya watahini walewale wa magonjwa ya ndani. Saa zitoke kwenye mihadhara ya darasani, na niko tayari za idara yangu zikatwe kwanza.