Bangi kwa Jina la Dawa, na Siri Anayofichwa Mama

(Mada iliyotolewa baada ya Sala ya Al-Asr mbele ya Waislamu wa Kilwa Masoko)

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu katika imani, wazee wetu, mama zetu mlioko nyuma ya pazia, na nyinyi vijana ambao ndio hasa mnaokusudiwa na maneno haya. Nimetakiwa kujibu suala ambalo limenifikia zaidi ya mara moja, mara kwa ujumbe wa simu, mara kwa mdomo baada ya darsa, na karibu kila mara hutanguliwa na maneno "namuulizia rafiki yangu". Suala lenyewe ni hili: mtu ana mawazo mengi, usingizi haumjii, moyo unamwenda mbio bila ya sababu, naye amegundua kwamba akivuta bangi kidogo usiku anapumzika. Je, inamjuzia kuitumia kwa nia ya dawa, ilhali wazazi wake hawajui, na wakijua nyumba haitakalika?

Suala hili lina sehemu mbili. Wengi wetu huijibu sehemu ya kwanza kwa sauti kubwa na kuiacha ya pili, na mimi naona ya pili ndiyo inayotuangamizia vijana wetu.

Tuanze na bangi yenyewe, wala tusianze kwa kukanusha kilichopo. Ni kweli kwamba mwenye kuvuta huweza kuhisi utulivu kwa saa moja au mbili. Tukimwambia kijana kwamba haimtulizi kabisa atatucheka kimoyomoyo, kwani yeye ameijaribu. La kutazamwa ni lile linalokuja baada ya wiki na miezi. Ndani ya bangi mna kemikali nyingi, na ile inayolewesha huitwa THC. Kiasi chake kidogo huweza kumtuliza mtu, na kikizidi humpandishia hofu mtu yule yule, moyo ukamdunda hata akadhani roho inamtoka. Msokoto unaouzwa kwa siri hauna kipimo. Aliyeununua hajui leo ameingiza kiasi gani mwilini na kesho ataingiza kiasi gani. Kisha mwili huzoea, kiasi cha jana hakitoshi tena. Siku akiikosa, usingizi hukatika, hasira hupanda, chakula hakipiti kooni. Hapo husema, "Mnaona, maradhi yangu yamerudi, nahitaji dawa yangu." Kumbe sehemu kubwa ya anayoyahisi ni mwili unaodai bangi. Aliyedhani anajitibu amejiongezea maradhi yanayofanana na yale ya mwanzo, na sasa yeye mwenyewe hawezi tena kuyatenganisha.

Mwezi Januari 2017 Akademia za Kitaifa za Sayansi, Uhandisi na Tiba za Marekani zilitoa ripoti iliyokusanya tafiti za miaka mingi juu ya mmea huu. Waandishi wake hawakuwa masheikh, wala hawakuwa na haja ya kuipaka bangi matope. Walikiri kwamba upo ushahidi wa kufaa kwake katika maumivu sugu ya watu wazima, katika kichefuchefu cha wanaotibiwa saratani, na katika kukakamaa kwa misuli kwa baadhi ya wagonjwa wa mishipa ya fahamu. Katika wasiwasi na hofu ushahidi waliouona ulikuwa mdogo. Na katika wazimu waliona ushahidi mzito kwamba matumizi ya bangi yanahusiana na maradhi ya kupotewa na akili, na kwamba matumizi yakizidi, hatari nayo huzidi.

Vijana wa leo wana simu, na husoma. Huja na hoja kwamba hata Umoja wa Mataifa umeihalalisha. Haikuwa hivyo. Tarehe 2 Desemba 2020 Tume ya Dawa za Kulevya ya Umoja wa Mataifa ilipiga kura kule Vienna, 27 dhidi ya 25 na nchi moja ikajizuia, kuiondoa bangi katika jedwali la nne la mkataba wa mwaka 1961, jedwali la vitu vikali kupita vyote. Ikabaki katika jedwali la kwanza, chini ya udhibiti. Majirani zetu wa Malawi mwaka 2020 na Rwanda mwaka 2021 waliweka utaratibu wa vibali vya kuilima kwa ajili ya dawa. Kibali kile ni cha mkulima mwenye leseni na kiwanda chenye vipimo. Hakumhusu kijana aliyejificha nyuma ya mikoko na msokoto mfukoni. Na hapa kwetu Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inamhesabu mwenye kuilima, kuiuza, kuwa nayo na kuitumia kuwa ametenda kosa la jinai.

Ama hukumu ya dini, wanazuoni wetu hawakungoja karne hii ndipo waijue hashishi. Al-Qarafi wa Misri, wa madhehebu ya Maliki, aliyefariki mwaka 684 Hijria, aliiweka katika fungu la vitu vinavyoharibu akili, akaitenga na vileo. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728, aliihesabu kuwa ni mfano wa pombe. Az-Zarkashi, mwanachuoni wa Kishafii aliyefariki mwaka 794, aliiandikia risala nzima ya kuiharamisha. Khitilafu yao ilikuwa katika adhabu ya mtumiaji, katika twahara ya mmea wenyewe na katika kiasi kidogo kisichogusa akili. Kwamba ni haramu kuitumia kwa kuiondosha akili bila ya dharura, hapo hawakukhitilafiana. Na katika Hadithi aliyoipokea Muslim, Sahaba Tariq bin Suwayd alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu pombe anayoitengeneza kwa ajili ya dawa, akajibiwa kwamba hiyo ni maradhi na wala si dawa.

Hata hivyo, mlango wa dharura upo, na si haki mwalimu kuuficha kwa kuogopa kwamba watu watautumia vibaya. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwakuta wazee wetu wako katika madhehebu ya Imam Shafi'i, na mlango huo umo ndani ya madhehebu hayo hayo. Imam An-Nawawi ameitaja mas-ala ya mtu ambaye mkono wake umeoza na hauna budi kukatwa: je, apewe kitu kisichokuwa pombe kitakachomwondoshea fahamu? Kauli yenye nguvu ni kwamba yajuzu. Ndiyo sababu leo hakuna anayeuliza uhalali wa dawa ya usingizi katika upasuaji. Lakini katika kujitibu kwa kilichokatazwa Mashafii wameweka masharti: asiwepo mbadala ulio halali, na awepo tabibu mjuzi na mwaminifu anayesema hivyo. Sasa tumuulize kijana wetu: tabibu wako ni nani? Ni yule yule anayekuuzia. Na mbadala uliujaribu lini, ilhali hujawahi kuvuka mlango wa zahanati?

Hapo sehemu ya kwanza imekwisha. Haijuzu. Wallahu a'lam.

Sasa tuje kwenye siri.

Kijana huyu ana maisha mawili. Usiku hutoka akisema anakwenda kuvua, au anakwenda kulinda chombo. Akirudi hutafuna pipi kali, macho yakiwa mekundu husema ni maji ya chumvi. Mama yake anaona mtoto asiyekula, anayeamka jua limepanda, anayekata maneno akiulizwa. Mama anajua kwamba kuna kitu. Hajui ni kitu gani. Basi hukisia: uvivu, mwanamke, au ameendewa kwa mganga. Na nyuma ya yote hayo mna sababu ambayo hakuna aliyeiuliza. Huenda alichukua mkopo wa kausha damu kununua mashine ya boti au pikipiki, na deni linazaa kila wiki. Huenda ni mmoja wa wale ambao mali yao ilikwenda na maji katika mafuriko ya mwaka 2024, mwaka ambao mwezi Mei kimbunga Hidaya kiliipiga pwani yetu na barabara ya kusini ikakatika pale Somanga. Huenda hana sababu yoyote inayoonekana, kwani huzuni nyingine huja bila ya kubisha hodi.

Tazameni basi, vitu viwili vimefungwa katika kitambaa kimoja. Kimoja ni bangi, na kimoja ni ugonjwa. Ili kuificha bangi analazimika kuuficha na ugonjwa, na kwa kuuficha ugonjwa anajinyima tiba, na kwa kukosa tiba anarudi kwenye bangi.

Kitambaa hiki sheria yetu inakifungua kwa namna ambayo wengi hawaijui. Mtu aliyeteleza katika dhambi, na Allah (s.w.) akamsitiri, hakutakiwa kwenda kujifichua mbele za watu, Mtume (s.a.w.) amekataza kujitangaza. Kwa hiyo, ewe kijana, hulazimiki kumhesabia mama yako misokoto uliyovuta. Tubu kwa Mola wako, iache, na sitara aliyokupa ibaki. Ama ugonjwa si dhambi, wala hauna haja ya kusitiriwa kama dhambi. Mabedui walipomuuliza Mtume (s.a.w.) kama watafute tiba, aliwaamrisha waitafute. Unaweza kumwambia mama yako leo hii, "Mama, silali. Moyo wangu una hofu. Nataka kwenda hospitali," na katika maneno hayo hakuna uongo hata mmoja.

Najua mtasema, "Mama yangu ana presha, akisikia ataanguka." Akisikia nini? Mama aliyekulea na homa za utotoni hataangushwa na neno kwamba mwanawe anaumwa. Atakaloshindwa kulibeba ni kuitwa kituo cha polisi saa nane za usiku.

Lakini, enyi wazazi, nisiwalaumu vijana peke yao. Kwa nini mtoto anaona ni wepesi zaidi kumwamini muuza bangi kuliko baba yake? Kwa sababu anajua jawabu atakalopewa. Ataambiwa hana imani, au ana mapepo na apelekwe akapungwe, na huko tunatoka katika maasia kuingia katika ushirikina. Au kaka zake watamtania kwamba sasa anataka kupelekwa Mirembe, kana kwamba hospitali ile ya Dodoma ni tusi. Nabii Ya'qub (a.s.) alihuzunika kwa kumpoteza Yusuf hata macho yake yakageuka meupe, nani atathubutu kusema kwamba Nabii yule hakuwa na imani? Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akimuomba Allah amkinge na hamu na huzuni, na aliusifia uji wa shayiri kwamba humtuliza mgonjwa na kumpunguzia aliyefiwa huzuni yake. Abu Zayd Al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 322 Hijria, aliandika kitabu kuhusu afya ya miili na ya nafsi pamoja, akaeleza kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua, na akatenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyo na sababu. Ruqya kwa Qur'ani tunaikubali na tunaifanya. Haimzuii mtu kumeza dawa, kama isivyomzuia mwenye malaria.

Mzazi ukihisi harufu, usiingie kupekua mifuko, tumekatazwa kupelelezana. Wala usianze na fimbo. Kabla ya kumuuliza "unavuta?" muulize "unalala?" Jawabu la suala la pili litakufikisha kwenye lile la kwanza, tena bila ya kiapo cha uongo.

Njia ya tiba nayo ipo karibu kuliko wengi wanavyodhani. Mtu huanzia zahanati au kituo cha afya, na ikihitajika hupewa barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya ya Kinyonga pale Kivinje, au hospitali ya mkoa ya Sokoine, Lindi. Mbele ya daktari ndipo mahali pa kusema ukweli wote, bangi ikiwemo, kwani kumweleza tabibu ni kutafuta tiba, na siri ya mgonjwa ni amana juu yake. Dawa za sonona na hofu, kama amitriptilini na fluoksetini, huchukua wiki kadhaa kabla mgonjwa hajaona nafuu iliyo wazi. Vijana wengi hukata tamaa hapa, kwa kuwa bangi ilikuwa ikiwajibu katika dakika chache. Na anayeiacha baada ya kuitumia sana ajue kwamba siku za mwanzo usingizi utakuwa mgumu, na kwa kawaida hali hupungua baada ya wiki mbili au zaidi kidogo. Siku hizo asiachwe peke yake. Na mtu yeyote akisema kwamba anatamani kufa, asiachwe hata usiku mmoja bila ya mtu kando yake, na apelekwe hospitali siku ile ile.

Kule Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani wakae kwenye mabenchi nje ya vituo vya afya na kuwasikiliza watu wenye maradhi ambayo Washona huyaita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, neno lile lile tulilo nalo sisi tunaposema "ana mawazo". Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba waliosikilizwa na bibi wale walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Sisi watu wa pwani bibi tunao, na mjukuu humwambia bibi yake yale asiyoweza kumwambia baba.

Basi kijana ambaye ulimi unamgandia mbele ya wazazi wake, na aanze kwa bibi, au kwa mjomba. Mjomba azungumze na baba mtu kwanza, faragha, baada ya chakula cha usiku. Kisha asubuhi wampe kijana nauli ya Kivinje, na mmoja wao afuatane naye.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.